Rege Kortini: Kesi za Katiba, Nyimbo na Matangazo ya Moja kwa Moja Nchini Kenya

Kesi za katiba nchini Kenya zina historia mbili. Moja ni ya sheria: vifungu vilivyopingwa, majaji walioamua na hoja zilizoshinda. Nyingine ni ya masikio: nani aliruhusiwa kusikia yaliyosemwa kortini, na kwa njia gani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, raia wa kawaida alipata habari za korti kutoka gazeti la siku iliyofuata, maneno ya sokoni, au wimbo uliochezwa matatuni. Siku hizi anamsikia jaji kwenye simu yake wakati uleule jaji anapofungua kinywa. Muziki haukubaki nje ya mabadiliko hayo. Ulibeba habari ambazo korti na redio hazikubeba, ukashtakiwa wenyewe, na mwaka 2020 ukaupa jina la utani mswada mzima wa kubadilisha katiba.

Mfano wa korti iliyofichwa masikio ya watu ni ule wa Kapenguria. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Walioshtakiwa kuongoza Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni, walikuwa sita: Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Serikali haikuwapeleka Nairobi mbele ya umati. Iliwapeleka kaskazini magharibi mwa koloni, karibu na mpaka wa Uganda, kesi ikasikilizwa katika chumba cha shule mbele ya Ransley Thacker, jaji aliyekuwa amekwishastaafu. Kapenguria ilikuwa eneo la kuingia kwa kibali. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda na kurudi. Milango ya chumba kile haikufungwa rasmi, ila umbali na vibali vilifanya kazi ya kufuli.

Wakili mkuu wa utetezi, D. N. Pritt kutoka London, aliijua hila hiyo. Alipowapelekea simu ya maandishi baadhi ya wabunge wa Uingereza akilalamika kwamba mazingira ya kesi yalikuwa sawa na kunyima haki, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Alishinda shtaka hilo, lakini tukio lenyewe linaeleza mengi kuhusu zama zile: kuyatoa maneno nje ya chumba cha korti kulikaribia kuwa kosa. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953, kila mmoja kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Hukumu ya Oneko ilibatilishwa katika rufaa, ila aliendelea kuzuiliwa.

Wakati korti ikifichwa Kapenguria, upande wa pili wa habari ulikuwa ukiimbwa. Kabla ya hali ya hatari, vijitabu vya nyimbo za Kikuyu vilichapishwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Mmoja wa wachapishaji wake, Gakaara wa Wanjau, alikamatwa Oktoba 1952 na kukaa kizuizini miaka mingi. Nyingi za nyimbo hizo zilitumia tuni za tenzi za kanisani. Mmishenari aliyepita njiani alisikia sauti aliyoizoea ya ibada, huku maneno yakimsifu Kenyatta na kudai ardhi. Mbinu hiyo ya kuvisha siasa tuni isiyoshukiwa ilidumu kuliko koloni lenyewe.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963 pamoja na katiba iliyojadiliwa Lancaster House, London. Ilikuwa na sura nzima ya haki za binadamu, na ilimruhusu mtu aliyevunjiwa haki kwenda Mahakama Kuu. Kwenye karatasi mambo yalionekana mazuri. Katika muda wa miaka 25 iliyofuata, katiba hiyo ilirekebishwa mara nyingi, na karibu kila rekebisho lilimwongezea rais nguvu. Mwaka 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee cha kisiasa. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, wakawa watu wa kuachishwa wakati wowote. Ulinzi huo ulirudishwa 1990.

Matokeo yalionekana katika hukumu za mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1989, katika kesi ya Maina Mbacha, Jaji Norbury Dugdale aliamua kwamba kifungu cha 84, kile kilichompa raia njia ya kudai haki zake, hakingeweza kutumika kwa sababu Jaji Mkuu alikuwa hajatunga kanuni za kukitekeleza. Hoja hiyo inashangaza hata leo: haki ilikuwepo, mlango wake ulikuwepo, ila kwa kuwa mwenye kazi ya kuweka bawaba hakuiweka, hakuna aliyeruhusiwa kupita. Mwaka huohuo Wangari Maathai alikwenda kortini kuzuia jengo la ghorofa 60 lililopangwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Jaji yuleyule aliitupa kesi kwa maelezo kwamba Maathai hakuwa na uhusiano na jambo hilo wa kumpa haki ya kushtaki. Mradi ulikuja kuachwa kwa sababu ya kelele za nje ya korti na wafadhili waliosita.

Redio haikusaidia. Idhaa ya taifa, Sauti ya Kenya, ilikuwa mali ya serikali tangu 1964, na haikuwa na mshindani hewani kwa zaidi ya miongo mitatu. Ilitangaza hotuba, ilitangaza kwaya. Zama za Rais Daniel arap Moi kwaya za walimu, wanafunzi na watumishi wa umma ziliimba sifa za chama na kiongozi katika kila sikukuu ya taifa, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Rais ya Muziki ya Kudumu kusimamia shughuli hizo. Dola ilijua vizuri nguvu ya wimbo. Ndiyo sababu iliunda kwaya na ndiyo sababu iliogopa kanda.

Kanda za kaseti ndizo zilizobeba yale yasiyosemwa redioni. J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini na mkosoaji wa serikali, alipouawa Machi 1975, Joseph Kamaru, mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu ambaye hapo awali alikuwa karibu na Rais Kenyatta, alitoa wimbo wa kumwombolezea. Redio haikuutaka, watu wakaununua. Mwaka 1990, baada ya mauaji ya waziri Robert Ouko mwezi Februari na maandamano ya Saba Saba mwezi Julai, kanda za aina hiyo zilienea tena. Ziliuzwa kwenye maduka na vibanda vya River Road, Nairobi, zikapigwa kwenye matatu, na polisi wakawakamata wauzaji na kuchukua kanda zao kwa madai ya uchochezi. Mnunuzi wa kanda hizo hakuwa akitafuta burudani tu. Katika nchi ambayo kesi ya haki za binadamu ilitupwa kwa kukosa kanuni, kanda ilikuwa mahali pa karibu zaidi pa kusikia malalamiko yakielezwa hadi mwisho bila kukatizwa.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, na korti zikapewa nafasi ya kuonyesha kama zilikuwa zimebadilika. Hazikuwa. Baada ya uchaguzi wa 1992, Kenneth Matiba, aliyeshika nafasi ya pili, alipinga ushindi wa Moi. Matiba alikuwa amepatwa na kiharusi akiwa kizuizini na hakuweza kuandika vizuri, hivyo mkewe alitia sahihi kwa idhini ya kisheria. Kesi ilitupwa kwa kuwa mlalamishi hakutia sahihi mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 1997, Mwai Kibaki alifungua kesi yake. Nayo ilitupwa kwa sababu Moi hakukabidhiwa hati mkononi, jambo ambalo kwa mtu anayelindwa na kikosi kizima cha walinzi lilikuwa gumu kuliko kushinda kura. Katika kesi zote mbili hesabu ya kura haikufikiwa kamwe.

Hukumu hizo mbili ndizo zinazoelezea kwa nini katiba mpya ingekuja kuandika, katika Ibara ya 159, kwamba haki itolewe bila kujali mno ufundi wa taratibu. Pia zinaeleza kwa nini mwanzoni mwa miaka ya 2000 wasanii walisikilizwa kuliko mawakili. Eric Wainaina aliimba juu ya hongo ya kila siku katika "Nchi ya Kitu Kidogo". Mwaka 2002 wimbo "Unbwogable" wa vijana wawili, Gidi Gidi Maji Maji, uliotoka bila nia ya kampeni, ulichukuliwa na muungano wa NARC na kuimbwa hadi Desemba, KANU iliposhindwa kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Kufikia hapo anga ya redio ilikuwa imefunguliwa. Vituo vya FM vya watu binafsi, ambavyo vilianza kuingia hewani katikati ya miaka ya 1990, viliupiga bila kuomba ruhusa ya mtu.

Serikali mpya iliahidi katiba mpya, na hapo korti ikaingia kwa namna ambayo haikuzoeleka. Machi 2004, katika kesi iliyofunguliwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba Bunge lina uwezo wa kurekebisha katiba ila halina uwezo wa kuivunja na kuweka nyingine. Uwezo huo ni wa wananchi wenyewe, na sharti waulizwe kwa kura ya maamuzi. Wengi walikasirika, kwa kuwa uamuzi ulichelewesha katiba waliyoisubiri. Ila mbegu ya kesi kubwa zaidi, ile ya 2021, ilipandwa siku hiyo. Kura ya maamuzi ya Novemba 2005 ilikataa rasimu ya serikali. Ikaja damu ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo wapinzani walikataa hata kwenda kortini kwa kusema hawaiamini. Katiba mpya ikapitishwa na wananchi tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo katika bustani ileile ya Uhuru aliyoipigania Maathai.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo matatu yanayohusika hapa. Ibara za 22 na 258 zilimruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea haki au katiba, hata kama hakuumizwa yeye. Kesi kama ya Maathai haingetupwa tena kwa sababu ile. Ibara ya 33 ililinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa kisanaa, ikitoa nje matamshi ya chuki na uchochezi wa vita. Na Ibara ya 140 iliipa Mahakama ya Juu siku 14 tu za kuamua kesi ya urais.

Mazoea ya kuiangalia korti kwenye televisheni yalianzia nje ya korti za Kenya. Mwaka 2011 mahojiano ya waliotaka kuwa Jaji Mkuu yalirushwa moja kwa moja, na Wakenya wakamwona Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi, akiulizwa mpaka kuhusu hereni yake. Septemba mwaka huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ilianza vikao vya kuthibitisha mashtaka ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 dhidi ya Wakenya sita, mmoja wao Joshua arap Sang, mtangazaji wa redio. Vikao vilifika Kenya kwa kuchelewa nusu saa. Katika vibanda vya kunyolea, mikahawani na ofisini, watu waliokuwa hawajawahi kuketi kortini walijifunza jinsi shahidi anavyohojiwa na jinsi wakili anavyopinga swali. Uamuzi ulipotolewa tarehe 23 Januari 2012, nchi ilisimama kuusikiliza.

Wanamuziki nao walikuwa wakiifuata The Hague, na si wote walioifuata kwa upole. Katikati ya 2012 wanamuziki watatu wanaoimba kwa Kikuyu walishtakiwa kwa matamshi ya chuki kutokana na nyimbo zilizogusa kesi hizo na mbio za urais. Mpaka wa Ibara ya 33 ulijaribiwa kwa wimbo, na kesi hizo zilileta ugumu wa kweli: nyimbo za kisiasa za Kikuyu zimejengwa juu ya mafumbo, mithali na hadithi za Biblia, na upande wa mashtaka ulilazimika kumwonyesha hakimu kwamba fumbo lilimlenga mtu fulani. Mapokeo yaleyale yaliyowaficha waimbaji wa 1952 yaliwafaa waimbaji wa 2012. Hapa inafaa kusemwa bila kuzunguka kwamba si kila wimbo unaokamatwa na serikali ni wimbo wa ukombozi. Miaka minne baada ya watu kuuana, wimbo wa kuchochea kabila dhidi ya kabila ni hatari, hata ukiwa na gitaa tamu.

Muziki uliingia katika kesi za katiba kwa mlango wa pesa pia. Sheria ya Hakimiliki ilikuwa imewekewa kifungu cha 30A, kilichotaka mirabaha ya nyimbo ikusanywe na vyama vya usimamizi wa haki. Fedha iliyogombewa hasa ni ile ya nyimbo ambazo mtu huzisikia akipiga simu huku akisubiri upande wa pili upokee. Baadhi ya wasanii walitaka walipwe moja kwa moja na kampuni ya simu bila kupitia vyama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikiona kifungu hicho kuwa halali kikatiba. Mahakama Kuu ya Malindi, mwaka huohuo, ikakibatilisha. Majaji wawili wa ngazi moja, katiba moja, majibu mawili.

Kesi ya kwanza ya urais chini ya katiba mpya ilifika Mahakama ya Juu Machi 2013, Raila Odinga akipinga ushindi wa Uhuru Kenyatta. Vikao vilirushwa moja kwa moja. Majaji sita walitupa kesi kwa kauli moja tarehe 30 Machi, na sababu zao zikatolewa wiki mbili baadaye. Jambo lililobaki vinywani mwa watazamaji ni kukataliwa kwa hati ya kiapo ya mamia ya kurasa kwa kuwa iliwasilishwa nje ya muda, uamuzi uliowakumbusha wengi sahihi ya Matiba. Tofauti ni kwamba mara hii waliona wenyewe hoja zikitolewa, na walibishana juu ya hoja, si juu ya uvumi.

Mwaka 2017 mambo yaligeuka. Kesi ya Agosti ilisikilizwa hadi usiku wa manane, na maneno kama fomu za matokeo 34A, 34B na seva yakawa ya kila kijiwe. Wito wa kuitaka tume ya uchaguzi ifungue seva uligeuka mzaha wa mitandaoni. Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga alisoma kwamba uchaguzi umebatilishwa, majaji wanne dhidi ya wawili. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika korti kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Muda mfupi tu ulipita kati ya sentensi ile na vigelegele vya Kisumu na Kibera, na hilo lilitokana na kamera. Kamera ileile ilionyesha udhaifu pia: tarehe 25 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, Maraga alitokea akieleza kwamba kesi ya kuusimamisha haiwezi kusikilizwa kwa sababu majaji hawakutimia. Viti vitupu vilionekana na nchi nzima.

Swali la nani anamiliki matangazo ya moja kwa moja lilikuja kortini lenyewe miezi mitatu baadaye. Tarehe 30 Januari 2018 Odinga alijiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru. Serikali ilizima mitambo ya vituo vikubwa vya televisheni vilivyojiandaa kurusha tukio hilo. Vituo vikahamia mtandaoni, na mamia ya maelfu ya watu wakafuata kwenye YouTube na Facebook. Mahakama Kuu iliamuru vituo virejeshwe hewani. Amri ikakaa siku kadhaa bila kutekelezwa. Kwa upande wa korti ilikuwa fedheha. Kwa upande wa teknolojia ilikuwa somo: mnara wa matangazo ungeweza kuzimwa kwa swichi, lakini tukio halikupotea.

Korti zenyewe zilisukumwa mtandaoni na ugonjwa. Machi 2020, Uviko-19 ulipoingia Kenya, Maraga alipunguza vikao vya ana kwa ana, na mawakili wakaanza kujitokeza kwa video wakiwa nyumbani. Kulikuwa na vichekesho vyake: wakili anayehutubia dakika nzima maikrofoni ikiwa imezimwa, jogoo anayewika katikati ya hoja. Julai mwaka huo korti za Nairobi zilianza kupokea hati kwa njia ya kielektroniki. Uzoefu huo ndio uliotayarisha njia kwa kesi ambayo muziki na katiba viligongana waziwazi.

Mpango wa Maridhiano, uliojulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, BBI, ulitokana na salamu za mkono za Uhuru Kenyatta na Raila Odinga za tarehe 9 Machi 2018. Ulileta mswada wa kubadilisha katiba: kurudisha wadhifa wa waziri mkuu, kuongeza maeneo bunge 70 na mengine mengi. Odinga alipoanza kuunadi mwanzoni mwa 2020, aliazima maneno yanayofahamika na mashabiki wa Lucky Dube, mwanamuziki wa Afrika Kusini aliyeuawa Johannesburg mwaka 2007, akisema hakuna anayeweza kuizuia rege. Umati uliipenda. Rege ina mizizi mirefu Kenya, katika matatu, vilabu vya Eastlands na vipindi vya redio vya usiku, na kijana ambaye asingesoma ukurasa mmoja wa mswada aliijua rege. Kwa muda mfupi BBI na rege vikawa kitu kimoja. Ugonjwa ulipozuia mikutano ilisemwa kwamba rege imepumzika. Mikutano iliporudi, rege ikarudi.

Hapo kuna mkasa mdogo ambao haukuzungumzwa vya kutosha. Rege ilikuwa imekwisha fika Mahakama Kuu kwa heshima. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urastafari, imani inayohusishwa sana na rege, ni dini inayolindwa na katiba na kwamba mwanafunzi msichana hawezi kufukuzwa shuleni kwa sababu ya rasta zake. Jaji huyohuyo aliketi kwenye jopo la watu watano lililosikiliza kesi za kupinga BBI, pamoja na Joel Ngugi, George Odunga, Jairus Ngaah na Teresia Matheka.

Tarehe 13 Mei 2021, siku chache baada ya Bunge kupitisha mswada, majaji hao walisoma hukumu yao kwa zamu, kwa saa nyingi, mbele ya kamera. Walisema kwamba katiba ina muundo msingi ambao haubadilishwi kwa marekebisho ya kawaida, ila kwa mamlaka ya wananchi wenyewe; hoja iliyotoka moja kwa moja katika kesi ya Njoya. Walisema njia ya Ibara ya 257, ya mpango wa wananchi wenye sahihi milioni moja, imewekwa kwa ajili ya raia, si kwa ajili ya rais. Walisema pia rais anaweza kushtakiwa katika kesi ya madai akiwa madarakani. Kabla hawajamaliza kusoma, mitandao ilikuwa imejaa mzaha mmoja: rege imezimwa, na aliyeizima ni jopo la majaji.

Mzaha huo ulifanya kazi kubwa kuliko mzaha. Hukumu ya mamia ya kurasa yenye nukuu za kesi za India haikuwa na uwezekano wa kuingia katika mazungumzo ya bodaboda kwa njia nyingine. Rege iliipa njia ya mkato. Aliyeuliza rege ilizimwa kwa nini alilazimika kuelezwa tofauti ya mpango wa raia na mpango wa rais, na maelezo hayo yalitolewa Sheng, Kiswahili na lugha za mama, tena na watu waliotazama majaji wenyewe, si waliosimuliwa. Vipande vya dakika mbili tatu vya kusomwa kwa hukumu vilirushwa kwenye WhatsApp kama nyimbo mpya.

Mahakama ya Rufaa, majaji saba wakiongozwa na Daniel Musinga, ilitumia karibu kutwa nzima kusoma uamuzi wake tarehe 20 Agosti 2021. Rege ikazimwa mara ya pili. Mahakama ya Juu ilisikiliza rufaa kwa siku tatu Januari 2022 na kuamua tarehe 31 Machi. Iliikataa nadharia ya muundo msingi na kusema rais hashtakiwi kwa kesi ya madai akiwa madarakani, hivyo waliokuwa wakisherehekea tangu Mei walipoteza hoja zao mbili kubwa za kisomi. Lakini ilishikilia kwamba rais hawezi kutumia njia ya raia, na kwamba sehemu ya maeneo bunge mapya haikushirikisha wananchi. Mswada ulikufa. Sababu zilipungua, matokeo yakabaki.

Kesi ya urais ya Agosti na Septemba 2022, mbele ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilirushwa kwa ukamilifu, na majaji saba waliitupa kwa kauli moja tarehe 5 Septemba. Kufikia hapo korti ilikuwa imeanza kuogopa watazamaji wake. Kanuni zilibadilishwa kabla ya kesi ili mawakili na wahusika wasizungumzie undani wake hadharani hadi hukumu itoke. Ukali huo una sababu. Wakili anayejua kwamba kipande chake kitasambaa huongea na simu badala ya jaji, na sentensi ya jaji iliyokatwa katikati huweza kumfanya aonekane amesema kinyume. Hata hivyo, Baraza la Kitaifa la Uandishi wa Ripoti za Sheria huweka hukumu nzima mtandaoni bila malipo, na anayetilia shaka kipande anaweza kuisoma. Wachache hufanya hivyo.

Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha walipanga maandamano kwa mazungumzo ya sauti mtandaoni yaliyosikilizwa na maelfu kwa wakati mmoja, na barabarani wakacheza "Anguka Nayo" ya Wadagliz, wimbo wa kucheza ambao haukutungwa kwa siasa. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka uliotangulia, ile ya 2023, hasa kwa upungufu katika kuwashirikisha wananchi. Mahakama ya Juu ikaurejesha uhalali wake tarehe 29 Oktoba. Maamuzi yote mawili yalijadiliwa katika mazungumzo yaleyale ya mtandaoni yaliyopanga maandamano.

Katiba yenyewe haitaji kamera wala intaneti. Ibara ya 50 inadai usikilizaji wa haki ulio wazi kwa umma, na Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hakuna inayolazimisha kikao kurushwa hewani. Kesi nyingi za katiba, zile za mashamba, za ajira na za mahabusu wasio na jina, bado husikilizwa bila mtazamaji hata mmoja, na ruhusa ya kurusha kesi kubwa imebaki mikononi mwa majaji wanaoisikiliza.